Mti Hauzami

Klementi Likwata alizama Jumatatu, akazama Jumanne, na Jumatano akazama mara mbili. Sajini Zakia, mkufunzi wa kuogelea katika chuo cha maafisa wa majini cha Ras Nawaya, alimvuta juu mara zote nne kwa kumshika ukosi wa sare, akamlaza kifudifudi kwenye gati na kumngoja atapike maji ya chumvi. Kila alipofumbua macho kijana alisema, "Samahani, Afande," kama mtu aliyemkanyaga mwenzake mguu kwenye foleni ya chakula.

Asichekwe. Alitoka milimani, ndani kabisa ya Kilwa, ambako maji mengi kuliko yote ni yale ya mto wa masika, na hayo watu huyangoja yapungue ndipo wavuke na mbuzi wao. Baba yake, Mzee Severini, alikuwa mkulima wa ufuta. Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kulowa zaidi ya magoti kwa hiari yake. Lakini kichwa alikuwa nacho! Ramani ya bahari aliisoma mara moja ikamkaa, na hesabu za mwendo na mkondo alizimaliza wenzake wakiwa bado wanachonga penseli. Katika maafisa wanafunzi arobaini na sita, darasani alikuwa wa kwanza. Majini alikuwa jiwe.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Adui alikuja kutoka kusini kwa boti za kasi, akachoma kijiji cha pwani, akatoweka kabla moshi haujaonekana Lindi. Wakubwa wakagundua, kwa kuchelewa kama ilivyo ada yao, kwamba boti za doria wanazo lakini wa kuziongoza hawapo. Basi kozi ya miezi kumi na minane ikakatwa ikawa tisa, kisha mitano, kisha wiki kumi na nne. Somo la hali ya hewa likafutwa. Sheria za bahari zikawa karatasi moja ya kusoma kitandani. Haraka haraka haina baraka, walisema wazee, ila wazee hao hawakuwa na nyota mabegani. Kuogelea tu ndiko kulikobaki kama zamani, maana fomu ya kamisheni ilikuwa na mstari wake wa sahihi na hakuna aliyepata muda wa kuibadilisha fomu: mita mia mbili ndani ya sare, halafu dakika kumi kuelea bila kushika kitu.

Wiki ya kumi na moja Kamanda Abdulwahab, mkuu wa chuo, alimwita Zakia ofisini. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na mezani mwake barua za wafiwa zilikaa pamoja na orodha za chakula.

"Sajini, huyu Likwata vipi?"

"Haogelei, Afande. Mwili wake unayakataa maji. Nikipewa miezi mitatu nitamfundisha."

"Una wiki tatu. Kuna boti inamngoja. Aliyekuwa afisa wa ramani amekufa wiki iliyopita."

"Na asipoweza?"

Kamanda aliisogeza fomu upande wake, taratibu, kwa kidole kimoja. "Mimi siwezi kutia sahihi mahali pako, Sajini. Ila nakuomba ukumbuke vijana kumi na wanne watapita kwenye miamba bila mtu wa kuwasomea ramani." Hakupandisha sauti, na Zakia alitamani angepandisha, apate wa kumkasirikia.

Jioni ile alimkuta Klementi amekaa nyuma ya jiko la chuo, sare imelowa, viatu vipo magotini.

"Afande, usinirudishe nyumbani," alisema kabla hajaulizwa. "Siku ya kuondoka padre alinisimamisha mbele ya kanisa. Mama yangu Theresia alicheza ngoma hadi kitenge kikachanika. Nikirudi nitasema nini? Kwamba maji yamenishinda?"

"Utasema uko hai."

"Kwetu hilo si jambo la kusema, Afande. Hata mbuzi yuko hai."

Zakia alicheka, na akajichukia kwa kucheka, kwa sababu tangu dakika ile alimpenda kijana yule kama ndugu yake wa tumbo moja. Kwa hiyo siku ya pili alifanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba yoyote. Alimchukua baada ya chakula cha mchana hadi kwenye kijito cha mikoko nyuma ya chuo, ambako alikuwa ameuhifadhi mtumbwi wa marehemu mama yake, mkuukuu, wa gogo la mwembe, umezibwa kwa pamba na mafuta.

Mama huyo, Bi Mboni wa Mchinga, alikuwa mvuvi wa pweza. Mwaka ambao Zakia alikuwa na miaka saba mtumbwi wake ulipinduka ng'ambo ya mwamba, na mawimbi hayakuwa ya mchezo. Wanawake watatu walikuwemo. Wawili, waogeleaji hodari, walisema watafika nchi kavu. Bi Mboni akabaki ameushika mtumbwi uliopinduka kuanzia asubuhi hadi alasiri, na watu wa Mchinga wakaenda kumchukua, kucha zimemtoka, yu hai. Wale wawili walizikwa siku moja. Tangu hapo mtoto wake hakuingia baharini bila kuimbiwa maneno yale yale: mti hauzami, chombo kikipinduka, shika, usiachie, anayeachia ndiye anayekufa. Zakia aliyajua maneno hayo kabla hajaijua Alhamdu.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia Klementi, na hapo kijeshi kilikuwa kimemtoka mdomoni. "Kuogelea hutajifunza kwa siku ishirini. Nitakufundisha kutokufa. Panda."

Akaupindua mtumbwi kwa makusudi. Kijana alikwenda chini, akarudi akipiga maji kama kuku aliyetiwa ndani ya ndoo, na Zakia akamkamata mikono yote miwili na kuibandika kwenye tumbo la mtumbwi. "Shika! Usiachie! Hata nikikuita mimi mwenyewe, usiachie!" Akashika. Dakika tano, akashika. Akapumua. Kwa mara ya kwanza tangu afike pwani, Klementi Likwata alikuwa ndani ya maji mengi na hafi.

Walirudi kila siku. Zakia alimpindua kushoto, akampindua kulia, akamrushia maji usoni, akamvuta miguu, akamwita kwa sauti ya huruma na kwa matusi. Hakuachia. Mwisho alikaa saa nzima, shavu limelala juu ya mti, akimsimulia mwalimu wake namna ufuta unavyopigwa fimbo ukikauka. Wenzake walisikia habari hiyo, na kwa kuwa afisa mwanafunzi hawezi kukimbia asubuhi bila kuimba, wakaitungia wimbo wa mchakamchaka. Kiongozi akiita, "Chombo kikilala!" wote hujibu, "Hatuachii!" "Maji yakipanda!" "Hatuachii!" Zakia aliusikia akiwa anapiga mswaki, akatabasamu.

Mita mia mbili hakuziogelea hata moja. Ijumaa ya wiki ya kumi na nne Zakia alikaa na fomu mapajani muda mrefu, halafu akaandika, "Amefaulu," na kutia sahihi. Aliamini kweli kwamba amempa kitu kikubwa kuliko kuogelea.

Siku ya kutunukiwa kamisheni wazazi walikuja kutoka kila upande. Mzee Severini alikuwa ameshuka Nangurukuru alfajiri, akaunga gari jingine, akafika na jogoo mkononi na mfuko wa ufuta begani. Alimtafuta mwalimu wa maji hadi akampata.

"Shikamoo, mzee," Zakia alisema.

"Marahaba, mama. Wewe ndiye uliyemfundisha mwanangu bahari?"

"Nimemfundisha kidogo, mzee. Kichwa ni chake."

"Kidogo hicho ndicho tunachokushukuru." Akampa jogoo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haya akatazama pembeni. Klementi alisimama kando, nyota moja moja mabegani, akicheka kwa meno yote. Kabla gari halijawachukua kwenda bandarini alimpigia Zakia saluti, kisha akaikunja mikono mbele ya kifua kama anayeukumbatia mtumbwi, na wote wawili wakaelewana.

Ilipita wiki ya tano habari zikaja. Boti imepigwa, saa nne asubuhi, kwenye mafungu ya mchanga kusini. Watu kumi na watano. Watatu wamefia ndani kwa moto, kumi na mmoja wameokolewa, na afisa wa ramani hakuonekana. Zakia alihesabu kwa vidole mara mbili ndipo akaelewa ni nani asiyeonekana.

Aliyemsimulia ni Luteni Usu Yassini, kijana wa Kilwa Masoko aliyelala kitanda cha juu ya Klementi muda wote wa kozi, kisha wakapangiwa boti moja. Alirudishwa chuoni mkono umefungwa bandeji, akisubiri kupangiwa kazi. Walikaa kwenye ngazi za gati.

"Ilipinduka, Afande. Majaketi ya kuelea yalikuwa ndani, kwenye kabati, na ndani kulikuwa kunawaka. Tuliotoka tukashika tumbo la boti, sote, na fungu la mchanga tunaliona, mita mia tatu, basi. Nikajua tumepona. Halafu boti ikaanza kwenda chini. Polepole tu. Tukaachia, tukapiga mbizi kando."

"Na Likwata?"

"Nilimrudia. Nikamwambia shika bega langu, nakuvuta, mimi mtoto wa Masoko. Afande, hakuwa na hofu hata chembe, na hicho ndicho kinachonitesa. Alinitazama kama mtu mwenye siri nzuri. Akasema, 'Ninyi mtakufa huko, Yassini. Rudi ushike. Chombo hakizami, Afande Zakia amenionyesha.' Maji yako kidevuni na bado ananiita nirudi nishike, ananihurumia mimi. Nikamkamata mkono, nikamvuta. Nilishindwa kuutoa."

Neno moja lilikuwa limemjaa Zakia kichwani, hakuna nafasi ya jingine. Chuma. Boti ilikuwa ya chuma.

Si kwamba hakujua chuma huzama. Mtoto wa chekechea akitupa msumari kwenye ndoo analijua hilo. Zakia alikuwa na miaka tisa jeshini, boti za chuma amezipanda, amezipaka rangi, amezilalia. Lakini maneno ya mama yake yalimwingia kabla ya jeshi na kabla ya chuma, na Mchinga alikokulia kila kitu kilichoelea kilikuwa mti. Alipoyatoa maneno hayo kumpa mtoto wa watu, aliyatoa kama alivyopewa, mazima, bila kuyageuza aone upande wa pili una nini. Mtu wa pwani mwingine angejua mwenyewe wakati wa kuachia. Mtu wa milimani aliamini alichoambiwa. Husemwa mfa maji haachi kutapatapa; Klementi Likwata hakutapatapa, alikufa ametulia, akimtii mwalimu wake. Zakia aliinama pale ngazini akalia kwa sauti, na Yassini, afisa mwenye nyota, akamshika kichwa kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa.

Mtumbwi aliukata kwa shoka siku ile ile, akawapelekea wapishi kuni.

Wiki iliyofuata kwenye ukuta wa ghala linaloitazama bahari waliandika kwa rangi nyeupe, herufi za urefu wa mtu: HAKUACHIA CHOMBO CHAKE. Chini yake, kwa herufi ndogo, jina la Luteni Usu Klementi Likwata. Zakia alikwenda moja kwa moja kwa Kamanda Abdulwahab, hata kubisha hodi hakukumbuka.

"Afande, yale maneno si kweli."

"Yapi ambayo si kweli? Aliachia?"

"Hakuachia kwa sababu nilimdanganya! Alidhani inaelea. Na hakujua kuogelea, na fomu inasema anajua, na sahihi ni yangu. Niweke ndani, Afande. Nishtaki."

Kamanda alivuta droo, akatoa karatasi, akairudisha. "Ripoti ya Yassini ninayo. Nimeisoma mara tatu." Akajifuta macho kwa kiganja. "Sajini, tangu Januari nimeandika barua ishirini na sita kwa wazazi. Moja tu ndiyo iliyojibiwa kwa shukrani. Ukitaka, nenda milimani ukaichukue barua hiyo mikononi mwa wenyewe, sitakuzuia. Kukuweka ndani siwezi. Jumatatu wanaingia arobaini wengine, na sina mwalimu wa maji mwingine."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapo kata zilikuwa tatu: mmoja alikuwa na droo, mmoja alipangiwa boti nyingine Alhamisi ile, na wa tatu aliamua kwenda milimani. Hakufika. Jumapili aliyotaka kusafiri Mzee Severini alifika mwenyewe chuoni, suti ya harusi imempwaya, amekuja kuuona ukuta. Alisimama mbele yake kofia mkononi. Hakujua kusoma vizuri, kwa hiyo alizifuata herufi moja moja.

"Mzee wangu," Zakia alianza. "Kuna jambo lazima nikuambie kuhusu Klementi."

"Tumeambiwa, mama. Barua ilisomwa kanisani. Unajua mke wangu Theresia hakutia kitu mdomoni siku nne? Tulimtafutia hadi sanda, nakuambia kweli. Siku ya tano ikaja barua ya mkubwa wenu, kwamba mtoto alishika chombo chake hadi mwisho kama alivyofundishwa. Akainuka, akaomba uji." Mzee akamgeukia. "Kama alivyofundishwa. Ndiyo maana nimekuja. Sema sasa, mama, ulikuwa na jambo gani?"

Zakia alifungua mdomo. Alimwona mwanamke asiyemjua, mbali huko, na bakuli la uji mkononi.

"Nilitaka kusema pole, mzee."

"Tumeshapoa." Mzee akaita kwa mkono, na kutoka kivulini mwa ghala akatoka msichana mrefu, kichwa kimenyolewa upya, begi la jeshi mgongoni, na uso ule ule wa kaka yake hadi pengo la meno. "Huyu ni Flora, anayemfuata Klementi. Wamemchukua, anaanza kesho. Hajui maji, kama kaka yake. Mfundishe kama ulivyomfundisha yule."

"Shikamoo, Afande," Flora alisema.

Zakia aligeuza uso kuelekea baharini. Mzee alidhani ni majonzi, akampigapiga begani na kumwachia mfuko wa ufuta.

Jumatatu maji yalikuwa yamejaa. Arobaini walipangwa kwenye gati, wengi wao watu wa bara, wametumbua macho. Zakia alikuwa hajalala. Aliwaambia asubuhi hii somo ni moja, kuachia. Kila mtu atashuka kwa ngazi, ataingia majini hadi shingoni, ataachia ngazi, na yeye atamdaka. Akamwita Flora Likwata wa kwanza, kwa sababu hakuweza kungoja.

Flora alishuka bila kusita. Maji yalipomfika shingoni alitetemeka, akaikumbata ngazi ya chuma kwa mikono yote miwili.

"Achia," Zakia alisema. Alikuwa mbele yake, mikono wazi, karibu kabisa.

"Hapana, Afande."

"Flora, ni amri. Achia, nitakudaka."

"Mama ameniambia utanijaribu. Kaka aliandika nyumbani, akasema Afande atakuita, atakutukana, usiachie hata akikuita yeye mwenyewe."

Zakia akasogea hadi nyuso zao zikakaribiana, akasema kwa sauti ya chini, haraka, ili wa juu wasisikie. "Nisikilize. Kaka yako hakuwa shujaa. Nilikosea. Nilimfundishia mti, wakampa chuma. Wote walioachia wako hai. Angeachia angekuwa hai, angekuwa hapa anakucheka. Nilimuua mimi, Flora. Tafadhali, mwanangu. Achia."

Msichana alimtazama. Kwanza alishtuka, kisha ule mshtuko ukaondoka na uso ukafungwa, na Zakia akajua kwamba tayari ameshamkosa, maana macho yale yalikuwa yanamtazama mtu anayemtukana marehemu mbele ya ndugu zake. Nyuma ya bega la Zakia, ng'ambo ya maji, herufi nyeupe za ghala zilisomeka vizuri.

"Unanijaribu, Afande," Flora alisema, na akaikaza mikono.

Zakia akamshika vidole, akaanza kuvibandua kwenye chuma, kimoja, cha pili. Kila alipotoa kimoja kile cha kwanza kilirudi. Juu ya gati wale thelathini na tisa waliona mwenzao hashindwi, wakaanza kumpigia makofi, na mmoja aliyekuwa ameusikia wimbo kwa waliotangulia akaita, "Chombo kikilala!"

"Hatuachii!" wakajibu wote.